Wembe wa Kukunja Uliokataa Kunyoa: Tafuta Chanzo Kabla ya Kushika Jiwe

Wembe wa kwanza niliojaribu kuufufua ulikuwa wa babu. Bibi alikuwa ameuviringisha kwenye kipande cha kaniki ndani ya sanduku la bati. Mpini ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na kwenye mkia, chini ya kutu, neno moja tu lilisomeka: Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe. Nikaupeleka kwa fundi mmoja mwenye grenda. Haikuchukua hata dakika mbili, akanirudishia wembe unaong'aa kama kioo, na kando ya makali pamechorwa ukanda mwembamba wa buluu.

Maana ya buluu ile sikuijua. Niliunoa jioni tatu mfululizo. Ulinyoa malaika ya mkononi vizuri, lakini ukishafika kidevuni unapita mara mbili tu, basi, umekufa. Miezi baadaye ndipo nilipoelewa. Feleji ya nyembe hizi ina kaboni kama asilimia 1. Huchomwa ikawa nyekundu, ikazimwa ghafla ili iwe ngumu, kisha hupashwa tena taratibu, karibu nyuzi 200, ili isiwe rahisi kuvunjika. Ikipashwa zaidi ya hapo inaanza kulainika, na rangi ndiyo shahidi: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 230 hivi, kahawia, zambarau, halafu buluu karibu na nyuzi 300. Makali ni membamba kuliko karatasi, kwa hiyo grenda huyafikisha huko kwa sekunde chache. Ugumu ule ukishatoka, hakuna jiwe la kuurudisha.

Dalili ilikuwa kwenye makali, chanzo kilikuwa moto. Tangu siku hiyo sishiki jiwe mpaka nijue wembe unaumwa nini, kwa sababu feleji ukishaisaga hairudi.

Tuelewane majina kwanza. Mgongo ni ule upande mnene wa juu. Makali ni upande wa kunyolea, nayo yanaanzia kisigino, karibu na mkia (kile kipande kisicho na makali kinachoungana na mpini), hadi ncha. Bapa ni ubavu wa wembe. Miteremko ni ile mistari miwili myembamba, mmoja kila upande, inayokutana ikazaa makali. Mpini umeshikwa kwa ribiti, na mwishoni mwake, katikati ya mabamba mawili, kuna kabari.

Ukiugonga hautoi sauti

Kabla ya lolote, funua wembe, ushike mkia na ulipige bapa kwa ukucha. Wembe mwembamba wa Solingen wenye ubavu uliochimbwa sana utalia kama kikombe cha kaure. Ukitoa sauti nzito iliyokatika, kuna uwezekano wa ufa. Kipimo hiki hakifai kwa nyembe nene za zamani za Sheffield, Uingereza, zilizochongwa kama kabari, maana hizo hazilii hata zikiwa nzima.

Kwa hizo, tumia mafuta ya taa na chaki. Paka mafuta ya taa bapa zima, subiri robo saa, pangusa mpaka pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki nyeupe. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatatoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Angalia zaidi mahali palipo na pengo na pale kisigino kinapokutana na mkia. Ufa wa milimita 1 makalini unaweza kusagwa ukaisha. Ufa unaopanda kuelekea mgongoni hauna dawa, na wembe huo usiupeleke usoni kwako wala kwa mtu mwingine.

Kutu inarudi baada ya siku mbili

Hapa Tanga, kama ilivyo Mombasa na Unguja, hewa yenyewe ina chumvi, kwa hiyo hili ndilo lalamiko la kwanza la kila anayeanza. Vyanzo ni vitatu, na vinatofautishwa kwa kutazama kutu imerudi wapi.

Ikirudi kwa nukta nukta, palepale ilipokuwa, maana yake hukuiondoa yote. Kutu huchimba vishimo, na uliyosugua ni ya juu tu. Iliyo chini ya kishimo bado inafanya kazi. Chukua lenzi ya fundi saa utazame. Nukta nyekundu au ya machungwa ni kutu hai. Nyeusi iliyokauka na kushikamana mara nyingi imetulia, na mbali na makali unaweza kuiacha. Mimi huziacha. Kufukuza kila doa jeusi kwa msasa hadi bapa liwe kioo ni kuula wembe bila faida, kwa sababu bapa halinyoi.

Ikirudi kama ukungu mwepesi uliotanda bapa zima, ni hewa na vidole vyako. Jasho lina chumvi. Osha kwa sabuni, kausha, pangusa kwa spiriti, kisha paka mafuta ya cherehani, tone moja lililosambazwa kwa kitambaa.

Ikirudi haraka sana, ndani ya saa chache, na wembe uliulaza kwenye siki au maji ya limau, basi tindikali bado ipo. Siki inatoa kutu kweli, lakini haijui kutu inaishia wapi na feleji inaanzia wapi. Ukiacha usiku kucha, bapa linatoka la kijivu lenye chunusi, na maandishi ya dhahabu kama yalikuwepo yameondoka nayo. Kama umeshafanya hivyo, suuza kwa maji yenye magadi soda, kausha kwa joto la jua, paka mafuta. Safari nyingine tumia mafuta ya taa usiku mmoja, halafu msasa wa maji uliozungushiwa kizibo cha chupa, makali yakiwa yamefunikwa kwa tepu ya fundi umeme. Anza na msasa mwembamba kadiri kutu itakavyoruhusu, namba 600 au 1000 (namba ikiwa kubwa, msasa au jiwe ni laini zaidi), na ushuke hadi 400 pale tu panapogoma. Mkono utoke mgongoni kwenda makalini, usirudi kwa njia hiyohiyo; vidole vingi vimekatika kwenye safari ya kurudi. Sehemu ya mkia yenye muhuri usiiguse kwa msasa kabisa. Jina la mtengenezaji likishafutika, historia ya wembe imekwenda nalo.

Kutu imejipanga kwa umbo la mpini

Hii ndiyo iliyokuwa kwenye wembe wa babu, na niliiona kwa karibu baadaye, nilipopata mwingine wa namna hiyo. Sehemu ya bapa inayobaki nje wembe ukifungwa ilikuwa safi. Sehemu inayoingia ndani ya mpini ilikuwa imeliwa, na mpaka kati ya safi na bovu ulinyooka kama uliopigwa rula.

Mpini huo ni wa seluloidi, plastiki ya kwanza iliyouzwa kwa wingi, iliyoanza kutengenezwa Marekani karibu na mwaka 1870 kuigiza pembe za ndovu na gamba la kasa. Hutengenezwa kwa pamba iliyopitishwa kwenye asidi ya nitriki, ikachanganywa na kafuri. Ikizeeka inaoza na kutoa hewa ambayo ikikutana na unyevu inageuka asidi ya nitriki tena. Wembe uliofungwa humo unalala ndani ya asidi.

Sugua mpini kwa kidole gumba hadi upate joto, kisha unuse. Kafuri ikinukia, ni seluloidi ambayo bado ina uhai. Ikitoka harufu kali ya kuchoma pua, na ukaona nyufa ndogondogo kama za sukari guru iliyokauka, au mpini unatoa jasho, umekwisha. Hautibiki. Utoe, na usiuweke sanduku moja na nyembe nyingine, maana hewa yake itazila na hizo. Usiujaribu kwa sindano ya moto kama baadhi ya watu wanavyofundishana. Seluloidi hulipuka moto kwa kasi ya kutisha.

Mpini mpya nautengeneza kwa mpingo, ule ule unaochongwa na Wamakonde na unaosafirishwa Ulaya kufanywa klarineti. Una mafuta yake mwenyewe, hauvimbi kwa maji, na bamba la milimita 3 linatosha. Vaa barakoa unapoukata, vumbi lake linawasha kifua. Kama mpini wa zamani ni wa pembe ya ndovu, uache ulivyo na usiuze bila kujua sheria: biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989, na humu kwetu hata kuimiliki kunahitaji kibali.

Kabari nazo zina hatari yake. Nyingi za Sheffield ni za risasi. Ukiona unga mweupe mwishoni mwa mpini, hiyo ni risasi iliyochakaa. Ipanguse kwa kitambaa kilicholowa, usiipige msasa mkavu, na unawe kabla hujashika chakula.

Unanoa na kunoa, haunyoi

Hapa tukae, kwa sababu hapa ndipo nyembe nyingi zinapomalizwa na watu wenye nia njema.

Kwenye jiwe, mgongo na makali vinalala pamoja, vyote viwili, muda wote. Mgongo ndio unaopanga pembe ya makali. Wembe wenye upana wa milimita 16 na mgongo wa milimita 4.5 unatoa makali ya nyuzi 16 hivi, na hapo ndipo wembe hunyoa vizuri. Sasa chukulia waliotangulia waliusaga mgongo mpaka ukabaki milimita 3.5. Pembe inashuka chini ya nyuzi 13. Makali yanakuwa membamba mno, yanakata kwa ukali dakika ya kwanza kisha yanamomonyoka. Ukiona mgongo una mstari bapa mpana unaong'aa, pima kwa kalipa kabla hujalaumu jiwe. Dawa ni kubandika tepu ya umeme mgongoni. Tabaka moja linaongeza karibu nyuzi 1. Kwa wembe uliolika sana nabandika mawili au matatu, na kila ninaponoa nabandika idadi ileile.

Mgongo ukiwa mzima, chukua kalamu ya maka. Paka wino miteremko yote miwili, pitisha wembe mara tano kwenye jiwe namba 1000 lililolowa, bila uzito zaidi ya ule wa wembe wenyewe, kisha tazama kwa lenzi.

Wino ukibaki kwenye ukingo kabisa huku umetoka juu yake, jiwe halijayafikia makali. Hili ndilo kosa la watu wengi: wanakimbilia jiwe namba 8000 kung'arisha miteremko ambayo bado haijakutana. Rudi kwenye 1000 na ubaki hapo hata kama ni saa nzima. Utajua imekamilika wembe utakaponyoa malaika ya mkono kwa urefu wake wote, kuanzia kisigino hadi ncha, kwa pande zote mbili. Kabla ya hapo kila jiwe laini ni kupoteza muda.

Wino ukitoka upande huu kwenye ncha na upande wa pili kwenye kisigino, wembe umepinda kidogo, na nyembe za zamani nyingi ziko hivyo tangu kiwandani. Usiukandamize ili ulale. Ukikandamiza, makali membamba yananesa na kukudanganya. Tumia ukingo wa jiwe au jiwe jembamba, uuvute wembe kwa mshazari, ukihamisha uzani mdogo wa kidole kutoka kisigino hadi ncha.

Wino ukitoka kote isipokuwa katikati, makali yamebonyea. Yaweke juu ya kioo cha dirisha dhidi ya mwanga: utaona mwanya katikati. Hutokana na miaka ya kunoa kwa kukandamiza tumbo la wembe. Makali yaliyotuna kidogo kwa nje hayana shida yoyote, yanataka tu mkono unaozunguka, lakini yaliyobonyea hayanyoi. Simamisha wembe wima na upitishe makali kwenye jiwe kama unayekata mkate, polepole, hadi mwanya uishe, halafu uanze miteremko upya. Pengo nalo linatibiwa hivyohivyo. Inauma kuyaua makali kwa makusudi, mara ya kwanza mkono unasita, ila njia nyingine zote huchukua muda mrefu zaidi na kula mgongo.

Wino umetoka kote, miteremko imekutana, na bado wembe unakwaruza. Geuza makali yakutazame chini ya taa. Makali mazima hayaonekani. Hayana upana wa kurudisha mwanga. Ukiona vinukta vinavyometa, hapo makali hayapo. Kama kila ukinoa vinukta vinahama, kimoja kinafutika na kingine kinazaliwa jirani, feleji ya pale imetobolewa na kutu kwa ndani, na unanoa sifongo. Endelea kusaga hadi ufikie feleji nzima; mara nyingi nusu milimita inatosha. Ukishapita milimita 1 na hali ni ileile, uache. Nina nyembe mbili za namna hiyo, nazitumia kufungulia barua.

Kama vinukta havipo lakini makali yanaonekana kuyumba kama uzi, umenoa kupita kiasi na ukingo umekuwa utandu unaolala huku na kule. Simamisha wembe wima, upitishe mara moja juu ya jiwe laini bila uzito wowote, kisha upige mipito kumi mepesi ya kawaida.

Na jiwe lenyewe lichunguze. Jiwe lililochimbika katikati haliwezi kutoa mteremko ulionyooka. Chora mistari ya penseli juu yake, lisugue kwenye msasa wa maji namba 400 uliotandazwa juu ya kioo, mpaka mistari yote ifutike. Mimi hufanya hivyo kila ninapoanza.

Kutoka 1000 nenda 3000 au 4000, kisha 8000, na 12000 ukiwa nalo. Pale namba 8000 inapomaliza kazi vizuri, tayari uso unanyoleka.

Unanyoa, lakini unavuta

Makali yaliyotoka jiweni sasa hivi na bado yanavuta, mara nyingi yameharibiwa kwenye ukanda wa ngozi, ule unaopitishiwa wembe kulainisha makali. Ukanda uliolegea unajikunja nyuma ya makali na kuyaviringisha. Uvute ukaze, tanguliza mgongo, na ukifika mwisho ugeuze wembe kwa kuuzungushia mgongo, makali yakiwa juu. Mipito 50 hadi 60 baada ya jiwe, 30 hivi kabla ya kila kunyoa. Mpito mmoja wa makali kutangulia unatosha kukata ukanda na kukurudisha kwenye jiwe.

Usoni, laza wembe. Mgongo uwe mbali na ngozi kwa nyuzi 30 hivi. Ukiusimamisha, unakwangua.

Kuna wenzangu wanaorudisha nyembe wakisema zinawaletea vipele, na wembe nikiukagua hauna kasoro. Nywele zetu zimejikunja. Zikikatwa chini kabisa ya ngozi, ncha inakua kwa kupinda na kuingia tena ndani ya nyama, na kipele kinatokea siku mbili baadaye. Nyoa kwa kufuata nywele zinavyolala, mpito mmoja, bila kuvuta ngozi kwa nguvu, na ukubali kivuli kidogo kibaki. Hapo wembe wa kukunja unakuwa mpole kuliko wa plastiki wenye nyembe tatu, ambao unaivuta nywele kabla ya kuikata.

Wembe huu ni wa mtu mmoja. Mpini wa pembe au mti hausafishiki hadi ndani, na damu isiyoonekana inatosha kubeba virusi vya homa ya ini. Ulioukuta mnadani, usafishe kwa mswaki na sabuni mpaka kwenye ribiti, kisha spiriti ya asilimia 70. Dawa ya kufulia nguo nyeupe usiitumie, inaila feleji ukiwa unaitazama. Na usiupeleke saluni kunyolea wateja.

Wembe unagusa mpini ukifungwa

Ukichelewa kulishughulikia hili, kazi yote ya jiweni inapotea kwa kufunga mara moja. Kama wembe unayumba, ribiti imelegea: laza kichwa chake juu ya chuma tambarare na uupige upande wa pili kwa nyundo ndogo, vipigo vyepesi vya kuzunguka, ukijaribu kila baada ya vitatu au vinne. Wembe ukibaki pale unapouachia, umetosha. Ukizidisha, mabamba yanapasuka. Kama hauyumbi lakini unaegemea upande mmoja, tazama kabari. Ikiwa nene zaidi upande mmoja, au mabamba yamepinda, wembe utafuata. Mabamba ya pembe ya ng'ombe yaloweshe maji ya moto dakika chache, yanyooshe katikati ya vipande viwili vya mbao, yafunge kwa kamba mpaka kesho.

Siku ya tatu umekuwa butu

Uliunoa Jumamosi, Jumapili ulinyoa kama hariri, Jumanne unavuta, na ukanda wako hauna neno. Tazama makali kwa lenzi: ukiona ukingo umefifia na kuwa wa kahawia, ni unyevu. Tone moja lililobaki karibu na ribiti linatosha kuyala makali usiku mmoja, kwa sababu hapo ndipo palipo pembamba kuliko pote na kutu haihitaji kula sana. Mimi nikimaliza kunyoa nausuuza, nausukumia ukingo wa karatasi ya chooni kati ya mabamba hadi utoke mkavu, napitisha wembe mara kumi kwenye ukanda kukausha makali, napaka tone la mafuta ya cherehani, kisha nauacha nusu wazi juu ya kabati la chumbani, mbali na bafu, hadi asubuhi ndipo niufunge.